Utepe Mwekundu Usio Wetu

Karakana ya Mhunzi,
Cotley Parva,
Leicestershire.

28 Desemba 1928

Mpendwa mdogo wangu Enoch,

Salamu nyingi za upendo kutoka kwangu na kwa shemeji yako Reuben. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Clara na Josiah mdogo. Kifua chako kinapatana na baridi ya huko Kanada? Clara ule mgongo umepona? Na mtoto ameshaota meno mangapi? Uliniandikia mawili, lakini hiyo ilikuwa Oktoba, na sasa nadhani anauma kila anayemkaribia.

Ukiuliza habari za huku, sisi wazima. Reuben aliungua kidole gumba wiki mbili zilizopita, akaendelea kufua vyuma kwa vinne vilivyobaki, ila wakati wa kuosha vyombo ndipo hukumbuka kwamba ni mgonjwa. Baba ana kikohozi chake cha majira ya baridi. Kimempata Novemba kama kawaida na kitamwacha Machi kama kawaida. Ana miaka sabini na miwili na bado anapanda farasi bila kushikwa mguu.

Nilikusudia kukuandikia barua tulivu ya Krismasi, ya habari za kwaya na pai na nani kamchumbia nani. Imenishinda. Nina hasira tangu mwanzo wa mwezi huu, na wewe ndiye mtu wa kwanza kuisikia yote, kwa hiyo vuta kiti.

Harriet, binamu yetu, aliniambia mlangoni mwa kanisa kwamba ameshakuandikia ili "kukutayarisha." Najua alivyokutayarisha. Amekuambia kwamba Nettle, farasi wako uliyemlea kwa mikono yako, amempiga teke mbwa wa msako wa mbweha, kwamba Kanali Wyvill amemfukuza Baba mbele ya watu, na kwamba farasi amepelekwa kwenye banda la mbwa apigwe risasi awe chakula chao. Harriet akisikia nusu ya jambo hukimbilia wino. Aliandika Ijumaa tarehe saba, kabla hata ya farasi kutolewa zizini.

Basi shika hili kwanza: Nettle yu hai. Leo asubuhi nimempelekea maganda ya karoti, ameyala pamoja na kipande cha mfuko wa aproni yangu. Kwa hiyo kama umemlilia, futa machozi. Lakini kuwa hai peke yake hakutoshi, na hilo unalijua kuliko mimi. Farasi wa msako akishapewa jina baya hana pa kwenda, na mwenye farasi naye hivyo hivyo. Jina ndilo lililokuwa linatafutwa hapa, la Nettle na la Baba, na waliolichukua walikuwa hawana haraka ya kulirudisha.

Nianzie Julai, kwenye maonyesho ya farasi ya msako wetu. Baba alimpeleka Nettle kwenye kundi la farasi wa wakulima, na waamuzi wakamweka wa mwisho. Wa mwisho kati ya tisa, Enoch. Walimtazama shingo yake iliyopinda upande usiotakiwa, wakatazama yale masikio yake yanayolala nyuma kama ya sungura aliyenyeshewa, wakacheka kidogo, wakapita. Hakuna hata mmoja aliyeinama kushika mguu.

Unakumbuka Baba alivyotufundisha kumtazama farasi. Anza chini. Kwato kwanza, kwa sababu bila kwato huna farasi. Halafu mfupa wa mguu, uwe mfupi na mnene chini ya goti, uwe baridi ukiushika. Halafu vifundo vya nyuma, maana ndivyo vinavyokurusha juu ya ua wa miiba na mtaro ulio upande wa pili. Halafu kifua kirefu cha kwenda chini, chenye nafasi ya pumzi za siku nzima, na bega lililolala nyuma ili ukishuka mtelemko uhisi kuna farasi mbele yako na si shimo. Kichwa kiwe cha mwisho kabisa, tena kama muda upo. Waamuzi wetu walianza na kichwa wakaishia hapo hapo, wakaenda kula nyama baridi.

Aliyepata nafasi ya kwanza siku ile alikuwa farasi wa Bwana Lionel Prewett, mgeni aliyepanga nyumba kubwa ya kilimani tangu majira ya kuchipua. Farasi mwenyewe anaitwa Regent, dume lililohasiwa, rangi ya shaba iliyosuguliwa, kichwa kizuri cha kutiwa kwenye fremu. Sikatai, anapendeza. Lakini Reuben alipomfunga vyuma vya kwato aliniambia jioni yake kwamba yule farasi anatazama nyuma kwa jicho jeupe, na kwamba alifika na uzi mwekundu uliokatika umenasa kwenye nywele za mkia. Yaani huko alikotoka alikuwa akifungwa utepe mwekundu, na utepe mwekundu mkiani sisi sote tunajua ni onyo kwamba farasi hupiga mateke. Reuben alimwuliza Bwana Prewett. Bwana Prewett alijibu kwamba alikuta kitu cha aina hiyo alipomnunua, akadhani ni pambo la mnadani, akaamuru kitolewe kwa kuwa hakilingani na rangi ya farasi.

Pambo.

Sasa siku yenyewe, Alhamisi tarehe sita. Mbwa walikuwa wametolewa kwenye kichaka cha Cotley bila kupata mbweha, na wapandaji kama hamsini wakawa wanapita kwenye geti jembamba la njia ya kinu. Baba alikuwa ameshika geti. Unajua Nettle alivyo kwenye geti, ulimfundisha wewe mwenyewe: husogea ubavu, husimama, hungoja mkono umalize kazi yake, na unaweza kuwafungulia watu mia bila kushuka. Basi Baba alikuwa ameinama, mkono kwenye komeo, uso kwenye geti, akiwafungulia mabwana wapite kwenye shamba ambalo yeye ndiye anayelilima. Regent alikuwa amebanwa karibu yake, makalio kwa makalio.

Mbwa wakapitishwa katikati ya farasi. Kikasikika kilio. Mbwa jike mmoja akabiringika matopeni, akajiburuta hadi kwenye mtaro. Kabla mtu hajajua mbele wala nyuma, Bwana Prewett alikwisha kusema kwa sauti ya kusikika hadi mjini Melton kwamba ni lile jike la mzee. Kanali akageuza kichwa akaona masikio ya Nettle yamelala nyuma. Yamelala nyuma tangu alipozaliwa, Enoch. Yalilala nyuma siku tulipomkausha kwa majani makavu mimi na wewe. Kanali ni Mkuu wa Msako kwa miaka kumi na minne na amemwona Nettle nusu ya miaka hiyo, na bado aliona masikio akahukumu.

Akasema, "Tebbutt, mpeleke farasi wako nyumbani."

Ni hayo tu. Lakini wewe ni mtoto wa hapa, sina haja ya kukueleza uzito wake. Mtu aweza kuanguka, kulewa, kuvunja ua, kupotea njia, na atasamehewa jioni hiyo hiyo. Farasi akimpiga mbwa teke, mwenyewe hurudishwa nyumbani, na watakaokumbuka ni wajukuu. Baba amefuata msako ule tangu ana miaka tisa. Alivua kofia, akasema, "Samahani, Kanali," akageuza farasi. Watu walimpisha njia kama anayebeba ugonjwa. Hakujitetea, kwa sababu hakuwa ameona, na kwa sababu kwake yeye Mkuu wa Msako hajibiwi uwanjani.

Kesho yake, Ijumaa, ikaja bahasha kutoka nyumba kubwa, kwa Bwana Prewett. Ndani yake mlikuwa na utepe mwekundu, mpana kama vidole viwili, na karatasi yenye mistari miwili: farasi wa Bwana Tebbutt asitoke tena bila huu, na ingefaa zaidi asitoke kabisa. Baba aliuweka juu ya meko, kando ya picha ya marehemu Mama, akakaa akiutazama. Nilipofika na mkate nilikuta chai yake imeganda na uamuzi wake umeganda zaidi. Aliniambia Jumamosi asubuhi atampeleka Nettle kwenye banda la mbwa.

Nilidhani ni masihara. Hakuwa na masihara. Alisema farasi anayepiga mbwa si farasi wa msako, na hawezi kumwuza kwa mtu mwingine akaficha, na akisema ukweli hakuna atakayemnunua isipokuwa watu wa kumfanyisha kazi hadi afe. Kwa hiyo heri risasi moja ya mtu anayejua kazi yake. Na mbwa walioumizwa mwenzao wale nyama yake, ndiyo haki.

Nikamwuliza, "Baba, wewe ulimwona akipiga?"

"Nilikuwa nimeshika geti."

"Basi nani aliona?"

"Kanali."

"Kanali aliona masikio, Baba. Tena ya farasi ambaye hata wewe humwita sura mbaya."

"Dorcas, mimi na Kanali tumefuata mbwa pamoja tangu hujazaliwa. Hawezi kunivunjia heshima bure."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira mpya, juu ya ile ya zamani. Kwa Prewett nilitarajia uongo, na kwa Kanali nilitarajia haraka. Kwa Baba sikutarajia hilo. Yeye aliyetufundisha kuanza chini, kushika mguu, kutoamini uso, alikubali maneno ya watu juu ya farasi aliyemzalisha mwenyewe, eti kwa kuwa yamesemwa na mtu mwenye koti jekundu la msako. Nilimwambia hivyo hivyo, na mengine ambayo siyaandiki. Alikwenda kumsugua Nettle manyoya, maana hangeweza kumpeleka mchafu hata huko.

Jumamosi nilifuatana nao. Sikualikwa. Maili mbili na nusu, Baba kwa miguu akiongoza, mimi nyuma. Nettle aliendelea kujaribu kusimama kwenye kila geti ili alifungue, maskini, akidhani tunakwenda kazini.

Jem Pollard, mwindaji anayewaongoza mbwa, alitukuta uani. Unamkumbuka Jem, sauti ndogo, pembe ya shaba kifuani hata akiwa anafagia. Baba alimweleza alichokuja kufanya. Jem akavuta pua, akamtazama Nettle kuanzia chini, kwato hadi juu kama inavyotakiwa, kisha akauliza kama tunajua ni mbwa gani aliyeumia.

Hatukuwa tumeuliza, Enoch. Katika aibu yote ile hakuna aliyeuliza. Alikuwa Dairymaid.

Nadhani ulikwisha kuondoka tulipoletewa Dairymaid, kwa hiyo nikueleze. Alikuwa zamu yetu ya mwaka juzi. Msako ulituletea watoto wa mbwa wawili wa kulea hadi wakue, kama wanavyowapa wakulima wote, na mmoja alikuwa huyu. Alikula viatu vyangu vya kanisani, akala sabuni, akala barua yako moja kabla sijaisoma, na kila siku alikuwa halali popote isipokuwa ndani ya zizi la Nettle, kwenye majani, katikati ya miguu ya nyuma. Miezi tisa. Nettle alijifunza kulala akiwa amesimama bila kusogeza kwato, ili asimkanyage. Baba mwenyewe alikuwa akija kuniita nitazame.

Jem alisema, "Kabla sijaenda kuchukua bunduki, Mzee, huyu mgonjwa wangu na aje amuage mwenyeji wake."

Akafungua kibanda cha wagonjwa. Dairymaid alitoka akichechemea, mbavu mbili zimevunjika, amefungwa kitambaa kifuani. Alisimama akanusa hewa. Kisha akavuka uwanja wote ule wa mawe taratibu, akapita chini ya tumbo la Nettle, akajizungusha mara tatu kama alivyokuwa akifanya majanini, akalala katikati ya miguu ya nyuma. Nettle aliinamisha kichwa akamtazama. Akainua kwato moja, akaishikilia juu, akaishusha shubiri moja pembeni.

Jem akasema, "Mzee, mbwa aliyepigwa Alhamisi hawezi kulala Jumamosi chini ya mguu uleule."

Baba alitoa kofia akaivaa tena. Alifanya hivyo mara mbili.

Mimi sikuridhika na machozi, kwa kuwa machozi hayapelekwi kwa Kanali. Nilimwomba Jem afungue kitambaa. Mimi ni mke wa mhunzi kwa miaka kumi na tisa, alama ya chuma naijua kama wengine wanavyojua mwandiko. Kwenye ngozi ya Dairymaid palikuwa na mkwaruzo wenye shimo mwishoni, shimo la kile kijino cha chuma kinachokunjwa chini kwenye kisigino ili farasi asiteleze. Nettle hana vijino. Baba havipendi, na Reuben humfunga vyuma bapa. Nikainua mguu wa nyuma wa Nettle, Jem akaona. Halafu nikamwambia ni farasi gani ambaye mwezi uliopita mwenyewe alimwagiza Reuben aweke vijino virefu kwa kuwa ameona vikivaliwa London. Jem alisema atakwenda kwa Kanali kabla ya chakula cha mchana, na alikwenda. Sisi tukarudi na farasi wetu, na Baba alipanda.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Ngoja.

Siku nne zikapita bila sauti. Jumatano Kanali akaja shambani peke yake, akiwa ameshika ndege wawili wa kuwindwa kwa shingo zao. Nilikuwa nyuma ya zizi nikiokota mayai, nikasikia yote. Alimwambia Baba kwamba huenda palikuwa na makosa, kwamba mambo huenda haraka uwanjani, kwamba asingependa yarefushwe, na Bwana Prewett ni mtu anayesaidia sana msako na bado hajazoea desturi. Akampa ndege. Baba akashukuru. Akashukuru, Enoch. Waliokuwepo walikuwa wawili hao na kuku wangu.

Nilimwuliza Baba kama hayo yamemtosha. Alisema Kanali amekuja kwa miguu yake mwenyewe, nataka nini zaidi. Nilitaka zaidi. Alimvua nguo mbele ya watu hamsini, akaja kumvisha faraghani, tena nusu. Ndege wale niliwapika kwa sababu nyama haina hatia, lakini sikuwaonja.

Kwa hiyo ikafika juzi, siku ya pili ya Krismasi, msako ukakutana kwenye uwanja wa kijiji kama kila mwaka. Kijiji kizima kilikuwepo, na nusu ya Melton. Mimi nilikuwa nikipitisha sinia la keki ya tangawizi na vipande vya pai ya nguruwe kwa wapandaji, kama Mama alivyokuwa akifanya. Baba alikuja juu ya Nettle, koti lake jeusi limepigwa pasi, mkia wa farasi umesukwa vizuri, hauna utepe. Na watu wakajitenga naye. Mke wa daktari alivuta hatamu akamwondoa farasi wake. Kijana mmoja nisiyemjua akawaambia wenzake waangalie mbwa, lile ndilo jike la mateke. Palikuwa na duara tupu kuzunguka Baba, upana wa chumba, naye yumo katikati, mgongo umenyooka, akitazama mbele. Hakuna aliyekuwa ameambiwa lolote. Kanali alikuwa amesema na kuku, basi.

Na Regent, mkia wake ukiwa huru, alikuwa katikati ya watoto na mbwa akisifiwa.

Niliweka sinia juu ya ukuta. Utepe ulikuwa mfukoni mwa aproni, kwa sababu nilikuwa nimeutoa juu ya meko asubuhi ile bila kujua nitaufanyia nini. Sasa nilijua. Nilitembea hadi kwa Bwana Prewett, nikapita mbele ya farasi wake na si nyuma, akili ninazo.

Nikamwambia, "Bwana Prewett, huu ulifika kwetu kwa makosa. Mwenyewe ni wewe."

Alicheka akitazama watu, akasema, "Mama, farasi wangu hana haja ya pambo. Mpelekee baba yako."

Nikamgeukia Kanali. "Kanali, ile Alhamisi ulisema mbele ya watu wote. Ulipokuja kwetu ulisema mbele ya kuku wangu. Wale kuku hawajui kusimulia."

Mtu mmoja nyuma akaangua kicheko. Nilimwona Baba kwa pembe ya jicho. Alikuwa amefumba macho. Kanali naye alikuwa mwekundu kuliko koti lake, akitazama hatamu zake kana kwamba zina maandishi. Nilifikiri, Dorcas, umemwaga unga, kesho Kanali analichukua shamba analompangisha Baba. Kisha Jem Pollard, aliyekuwa amekaa na mbwa wake, akasogeza farasi wake pembeni, na mbwa wote ishirini wakapita kwenye lile duara tupu wakamzunguka Nettle. Wengine wakapita chini ya tumbo. Nettle aliinua kwato moja, akaishusha taratibu.

Kanali alivua kofia. Alisema kwa sauti ileile ya Alhamisi, "Bwana Tebbutt, farasi wako hakumpiga mbwa. Nilikosea, na nilipojua nimekosea nilinyamaza. Nakuomba radhi mbele ya hawa." Akamnyooshea Prewett mkono bila kumtazama, akamwambia afunge utepe au arudi nyumbani. Bwana Prewett alirudi nyumbani. Alikwenda akiwa amekaa wima sana, na Regent alimrushia teke mzee wa posta mwenye baiskeli wakati wa kutoka, akaipata baiskeli tu, kwa bahati njema.

Siku ile walikimbia dakika hamsini bila kusimama, kutoka kichaka cha Cotley hadi reli ya chini. Farasi wa mabwana, wale wa kwenye fremu, walibaki mitaroni na kwenye mageti. Waliofika mwisho walikuwa saba, na mmoja alikuwa wako, umri miaka kumi na moja, amebeba mzee mwenye kikohozi. Alirudi nyumbani maili tisa kwa mwendo wa kutembea, akala pishi yake yote ya shayiri, akaomba nyingine. Nimekuandikia hayo ili uyasome mara mbili.

Lakini hasira yangu haijaisha, nisikudanganye. Baba hajasema nami tangu siku ile. Eti nimemsemesha Mkuu wa Msako uwanjani, mimi mwanamke wa kwa miguu mwenye aproni. Nampelekea mkate, anaukata, anakula, anatazama ukuta. Nilipomwambia naandika kwako, aliuliza kama wino upo wa kutosha. Ndiyo maneno yote ya siku mbili. Alibaki mlangoni kidogo, akaenda zizini. Huenda huko mara nyingi siku hizi. Jana nilimkuta amekaa juu ya ndoo, kiganja chake kimeshika mguu wa nyuma wa Nettle, chini kabisa, wala hakuwa akimsafisha.

Nisalimie sana Clara, na umbusu Josiah mdogo penye meno yote. Reuben anakusalimu, anasema ukipata mhunzi huko mwangalie visigino. Jem Pollard anakusalimu pia, na Dairymaid ambaye anakula tena viatu. Harriet usimsalimie mpaka nikuambie. Mungu akulindeni huko barafuni, aibariki mifugo yenu, na siku moja akurudishe hata kwa majuma mawili upande farasi wako.

Nimeacha nafasi hapa chini na kalamu juu ya meza ya Baba. Sijui kama ataitumia.

Dada yako akupendaye siku zote,

Dorcas Allsopp

Enoch. Dada yako ametia chumvi, mbio zilikuwa dakika arobaini na tano. Mengine ni kweli. Jike wako alisimama sawa siku zote mbili, Alhamisi na Jumamosi. Niliyeyumba ni mimi, nikampeleka kwa mkono wangu bila kumshika mguu. Unisamehe. Dorcas sijui nimwambieje, kwa hiyo nimemwachia barua wazi aisome.

J. Tebbutt